Rundo la visanamu vya vita visivyopakwa rangi: jinsi ya kulipunguza kikosi kwa kikosi

Kununua sanduku la askari wa plastiki ni kazi ya dakika mbili kwenye simu. Kuwapaka rangi ni kazi ya wiki kadhaa. Ndiyo maana karibu kila anayecheza michezo ya vita ya mezani ana masanduku chini ya kitanda, mengine juu ya kabati, na mengine ambayo watu wa nyumbani hawajaambiwa kuwa yamefika. Sanduku la Games Workshop, kampuni inayotengeneza mchezo wa Warhammer, huwa na askari kumi hivi, wakati kampuni za kihistoria kama Perry Miniatures huweza kukuuzia wanaokaribia arobaini kwa mkupuo. Ukichukua matatu kwa sababu kuna punguzo, umejitwisha kazi ya mwaka mzima.

Ushauri mwingi kuhusu rundo hili unahusu kasi: brashi hii, rangi ile, namna ya kummaliza askari kwa dakika kumi. Kwangu kasi ni jambo la pili. Kinacholaza rundo ni maamuzi. Kila ukikaa mezani unaanza kujiuliza upake kikosi gani, kwa rangi zipi, uishie wapi, na ukishamaliza kujiuliza usiku umekwisha. Kwa hiyo hapa tunafanya maamuzi yote mwanzoni, kabla brashi haijalowa.

Mfano nitakaoutumia ni wa mapigano ya Tanga ya 1914, kwa visanamu vya milimita 28, yaani urefu wa mtu mmoja. Kama wako ni wa Warhammer, wa Napoleon au wa majini na mazimwi, hatua ni zilezile, utabadilisha rangi tu.

1. Mwaga kila kitu sakafuni

Toa masanduku yote, yafungue, uone ulichonacho. Usihesabu askari mmoja mmoja, utakata tamaa bure. Hesabu vikosi. Kisha gawa mafungu matatu: vitakavyochezwa mwaka huu, vitakavyosubiri, na ambavyo kwa kweli huvitaki tena.

Fungu la tatu ndilo gumu. Jeshi ulilolinunua kwa sababu wenzako walikuwa wanacheza mchezo fulani, na sasa hakuna anayeugusa, la nini? Liuze, au mpe kijana anayeanza. Sanduku ambalo fremu zake, zile zinazoshikilia vipande vya plastiki, hazijakatwa linauzika vizuri kuliko askari waliogundishwa nusu, basi amua kabla hujashika koleo.

Fungu la pili lirudishe ndani, ulifunge kwa selotepu, uandike juu yake kilichomo na kinachokosekana. Selotepu ina kazi yake: mkono ukienda kuchokoa humo kabla ya wakati, utasikia inavyochanika.

2. Chagua mchezo kwanza, kikosi baadaye

"Nimalize rundo" ni lengo lisilo na mwisho. "Tucheze Tanga Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao" lina mwisho, na lina mtu mwingine anayekusubiri.

Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, wakashindwa na watu wapatao 1,000 wa upande wa Wajerumani, ambao wengi wao walikuwa askari Waafrika wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Mwenye pupa akisoma hayo anaagiza mamia ya visanamu. Huna haja. Kanuni nyingi za mapigano madogo zinataka vikosi vya watu 8 hadi 12, vitatu au vinne kwa kila upande. Chukua kona moja tu ya vita: askari wanailinda njia ya reli iliyochimbwa mashariki ya mji, Wahindi wanakuja kupitia mashambani. Hapo una vikosi sita. Anza na kimoja.

Usianze na kamanda. Najua ndiye anayevutia kuliko wote, ana darubini na mkono umenyooshwa. Ukianza naye utamaliza wiki nzima, na ukigeukia askari wa kawaida utajihisi umeshushwa cheo.

3. Amua mapema utaishia wapi

Games Workshop wenyewe walishalitambua tatizo hili. Katika toleo la 9 la Warhammer 40,000, la mwaka 2020, mchezaji alipewa alama 10 kati ya 100 kwa kuleta jeshi lililopakwa rangi lote, na kiwango kilichotakiwa kilikuwa cha chini sana: rangi kuu zipo, na kitako, yaani kibao anachosimamia askari, kimeshughulikiwa. Hakuna aliyedai macho wala vifungo vya koti.

Chukua kadi, andika hatua zako kwa mfuatano, na usizidishe nane. Ya askari wa Schutztruppe inasomeka hivi: praima (rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine) ya kaki; kivuli cha kahawia mwili mzima; kaki nyepesi kwa brashi kavu; ngozi; mikanda na vifuko vya risasi kwa kahawia ya ngozi ya ng'ombe; bunduki, mti na chuma; vitambaa vya kuzungushia miguu kwa buluu iliyofifia. Mwisho nukta moja ya fedha kwenye kofia, mahali pa tai wa Kijerumani. Kadi ikae mbele yako. Kisichoandikwa hapo hakipakwi.

Macho hayamo, na sijayasahau. Kisanamu cha milimita 28 kikitazamwa kutoka upande wa pili wa meza, tone la kivuli kwenye tundu la jicho linatosha kabisa. Ukimchora macho, mara tisa kati ya kumi atakuwa ameshtuka.

4. Unganisha kumi, wengine waache kwenye fremu

Kata kwa koleo, acha kipande kidogo cha ziada, kisha kimalizie kwa kisu chenye wembe. Mstari wa kalibu unaopita begani na kwenye kofia ukwangue kwa mgongo wa wembe. Ukiuacha, brashi kavu itauanika hadharani. Plastiki inataka gundi ya plastiki, ile inayoyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Kwa chuma na rezini tumia supagluu. Hivi viwili viogeshe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haikai juu ya mafuta.

Gandisha kila mmoja juu ya kizibo cha chupa ya maji kwa selotepu ya pande mbili. Utashika kizibo, hutamshika askari.

5. Praima, na hewa ya pwani

Rangi za maji hazishiki kwenye plastiki tupu. Zitakaa siku mbili tatu, halafu ukucha unazibandua. Praima haikwepeki.

Kopo la kupuliza ndilo la haraka, watu kumi kwa dakika tano. Tabu ya kwanza ni kulipata. Makopo haya yana gesi inayowaka, na wasafirishaji wa vifurushi kwa kawaida hawayapokei kwa ndege, kwa hiyo unayeagiza kutoka Uingereza unapata askari bila praima. Duka la vifaa vya ujenzi lina makopo meusi, meupe na ya kijivu yasiyong'aa, na mengi yanafaa, ila dawa iliyomo kwenye baadhi yake inakula plastiki. Puliza kwanza kipande cha fremu tupu, kiache kikauke, kisha kipapase. Kikiwa kinanata, au pembe zake zimelegea, kopo hilo ni la geti.

Tabu ya pili ni hewa. Unyevu ukiwa mwingi, kama asubuhi za masika Mombasa au Dar es Salaam, rangi inatua ikiwa na ukungu mweupe. Jua likiwa kali na upepo juu yake, matone yanakauka kabla hayajafika, na unabaki na uso wenye chengachenga. Subiri siku kavu, toka nje, simama kivulini, kati ya saa nne na saa sita. Tikisa kopo dakika mbili kamili. Simama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye visanamu, anza kubonyeza ukiwa pembeni mwao, pita, achia ukishavuka upande wa pili. Ukibonyeza kopo likiwa limemwelekea mtu usoni, tone la kwanza zito linajaza pua na mdomo.

Siku kavu haipatikani? Tumia praima ya brashi. Vallejo wa Hispania wanazo za rangi nyingi. Paka nyembamba mara mbili, uiache usiku kucha hata kama inaonekana imekauka.

Na hapa ndipo unapopata muda wa bure: chagua praima yenye rangi inayotawala sare. Pale Tanga pande zote mbili zilivaa kaki, kwa hiyo ukipuliza kaki umemaliza zaidi ya nusu ya kazi. Kama duka lina nyeusi na nyeupe tu, puliza nyeusi mwili mzima, kisha nyeupe kutoka juu peke yake, kama jua la adhuhuri. Kaki iliyozimuliwa kwa maji ikipita juu yake, vivuli tayari vipo.

6. Rangi moja, watu kumi

Kanuni ni kwamba rangi haibadilishwi hadi wote kumi wameipata. Kumi ni idadi nzuri kwa sababu ukimfikia wa mwisho, wa kwanza ameshakauka. Ukipanga thelathini, utachoka kwenye mikanda na hutarudi.

Kazi chafu itangulie. Chovya brashi kubwa kwenye rangi ya kivuli, Agrax Earthshade ya Citadel (rangi za Games Workshop) au nyingine yoyote ya kahawia nyembamba, umlowanishe askari mzima. Itajikusanya kwenye mikunjo ya nguo na chini ya mikanda, ndiko inakotakiwa. Ikituama kidimbwi mgongoni, ifyonze kwa brashi safi yenye unyevu kabla haijaganda, la sivyo itaacha duara la madoa.

Ikikauka kabisa, chukua brashi kuukuu, ichovye kwenye kaki nyepesi, uifute kwenye tishu hadi ikipitishwa mgongoni mwa kiganja iache vumbi tu. Ipitishe upesi juu ya kisanamu kuanzia kofia kushuka chini. Kila mkunjo utajitokeza wenyewe. Hatua hizi mbili zinachafua kila kitu, ndiyo sababu zimetangulia. Ngozi, mikanda na bunduki vitapakwa juu yake bila kuharibiwa.

Ngozi ndiyo inayostahili utulivu wako. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ngozi ya Mzungu, na yanakuambia uongeze nyeupe kidogo kidogo sehemu zinazopigwa na mwanga. Fanya hivyo kwenye ngozi nyeusi uone: askari anapauka kama mtu aliyetoka kuoga asipake mafuta. Nyeupe iweke mbali. Anza na kahawia iliyokolea, kama Rhinox Hide ya Citadel au Chocolate Brown ya Vallejo. Kisha kwenye paji la uso, mashavu, daraja la pua na vifundo vya vidole, ongeza kahawia yenye wekundu ndani yake, kama Mournfang Brown au Mahogany Brown. Uso unapata uhai bila kufubaa. Mistari miwili mitatu kwa kila uso inatosha, na mikono hivyo hivyo.

Wala usiwape wote kumi ngozi moja. Jeshi hilo lilianza mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipoajiri Wasudani kutoka Misri na watu wengine kutoka Msumbiji, na baadaye likajaa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Changanya kahawia tatu kwenye paleti: wanne wawe weusi tii, wanne wa katikati, wawili maji ya kunde. Hakuna kazi ya ziada hapo, ni brashi ileile inazunguka vidimbwi vitatu, lakini kikosi kinaacha kufanana na watu waliotoka kalibu moja. Ukija kwa Wahindi wa upande wa pili, ufanye vivyo hivyo.

Yaliyobaki ni ya haraka. Mikanda, mti wa bunduki, chuma, vitambaa vya miguu, nukta ya fedha. Rangi ikitoka nje ya mstari, mguse kwa kaki uendelee.

Neno kuhusu rangi za kupaka mara moja tu, zinazojitengenezea kivuli zenyewe juu ya praima nyepesi. Citadel walitoa Contrast mwaka 2019, The Army Painter wa Denmark wakafuata na Speedpaint. Kwa manyoya, ngozi za wanyama na nguo zenye mikunjo mingi ni msaada mkubwa. Kwenye sehemu pana na tambarare, kama ubavu wa kifaru cha vita, huacha mabaka. Ukiuziwa chupa za zamani za Speedpaint, za kabla ya toleo la pili, ujue rangi iliyokauka inaweza kuamka tena ukipitisha rangi yenye maji juu yake, ikachafua kila kitu.

7. Kitako

Askari aliyepakwa wastani akisimama juu ya kitako safi anaonekana amemalizika. Aliyepakwa vizuri sana juu ya plastiki nyeusi tupu anaonekana bado.

Paka gundi nyeupe ya mbao, chovya kwenye mchanga, kung'uta, acha ikauke. Ukichota mchanga wa ufukweni, uoshe kwa maji baridi mara kadhaa na uuanike, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na baadaye hutokeza juu ya rangi. Paka udongo wa kahawia, pitisha brashi kavu ya rangi nyepesi, bandika vichaka viwili vya majani. Mwisho zungusha rangi moja safi kwenye ukingo wa kitako, ileile kwa jeshi zima. Ukingo huo tu ndio unaofanya vikosi vilivyopakwa miezi tofauti vionekane ni jeshi moja.

8. Vanishi

Isiyong'aa, ya brashi kama hewa ina unyevu, kwa sababu ya kupuliza hupata ukungu uleule wa praima, na safari hii unatua juu ya kazi iliyokamilika. Visanamu vya chuma vipate tabaka la vanishi ngumu inayong'aa kwanza, halafu isiyong'aa juu yake. Ni vizito, na rangi yake hukwaruzika vikigongana.

Vilivyopakwa nusu miaka iliyopita

Kila rundo lina hawa. Mara nyingi huna haja ya kuanza upya: kama rangi ya zamani ni nyembamba, praima inapita juu yake na safari inaendelea. Pale tu rangi imekuwa nene hadi imefukia vifungo na nyuso ndipo uitoe. Dettol ya kahawia kutoka duka la dawa, bila kuichanganya na maji, huondoa rangi za akriliki kwenye plastiki na chuma. Waloweke usiku kucha kwenye chombo chenye mfuniko, vaa glovu, sugua kwa mswaki wa zamani. Usikimbilie bomba. Dettol ikikutana na maji, rangi iliyolegea inageuka utelezi mzito unaong'ang'ania kila mahali. Suuza kwanza kwa Dettol safi, kisha sabuni ya vyombo, na maji yawe ya mwisho kabisa. Rezini jaribu kipande kimoja kwanza, nyingine hulainika.

Kuendelea bila kukwama

Mwenye chumba cha kazi anabahatika. Wengine tunatumia meza ya chakula, na nusu saa ya kupaka inaliwa na kutandaza na kukusanya vitu. Dawa yake ni sinia pana: askari kumi kwenye vizibo, rangi za kadi yako tu, brashi tatu, kikombe cha maji kisichofanana hata kidogo na kikombe chako cha chai. Chakula kikija unanyanyua sinia zima na kuliweka juu ya kabati, kesho unalishusha vilevile. Paleti iwe chombo cha plastiki chenye mfuniko, ndani sponji bapa iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea mikate. Rangi ikifunikwa humo inabaki laini hadi kesho yake, hata kwenye joto.

Masharti ya kununua nimeona mengi, kama lile la kununua kimoja baada ya kumaliza viwili, na wachache sana wanaoyashika. Sharti linaloshikika ni dogo zaidi: wasiwepo waliopulizwa praima zaidi ya sinia moja. Kumi wakitoka, kumi wanaingia. Ukinunua sanduku jipya, linakwenda kwenye selotepu na wenzake.

Waliomalizika wabandikwe kipande cha sumaku chini ya kitako na wakae kwenye chombo chenye bati sakafuni mwake. Kamanda sasa apewe muda wake; ongeza rangi, paka macho ukitaka. Na kwa kuwa mchezo ni wa Tanga, utahitaji nyuki, kwa sababu mizinga ya nyuki iliyovurugwa na risasi iliwatoa askari mbio siku ile. Chuna waya wa umeme, chukua nyuzi tano sita za shaba, zichomeke kwenye kitako kimoja zikiwa zimepindapinda, na kila ncha itie tone la gundi nyeupe. Likikauka, lipake njano kisha mstari mweusi. Nani atashambuliwa, pigeni dadu.